Ndoo Aliyoimwaga

Mkewe alipofariki, fundi saa aliona heri ajishughulishe, akaanza na kusafisha banda la kuku. Nyuma ya mlango akaikuta ile ndoo ya maziwa yaliyochacha. Akaimwaga mtaroni bila hata kujiuliza.

Miaka nenda rudi alikuwa akimtania mkewe juu ya ndoo hiyo. "Siku moja kuku wako watarudi bandani wakipepesuka!" Mkewe alicheka tu, akichanganya maziwa hayo kidogo kwenye maji ya vifaranga. Alisema mna vijidudu vyema vinavyolinda matumbo yao, ndiyo maana hakuwanywesha antibiotiki ovyo. Kila akitengeneza mapya, alibakiza ya zamani kidogo ya kuyaanzishia.

"Baba, njoo uone ninavyofanya," mkewe alikuwa akimwita.

"Nina saa ya mtu mkononi."

Sasa ndoo imekwisha mwagwa, haukupita muda vifaranga wakaanza kuharisha. Fundi akakimbilia duka la dawa za mifugo, akarudi na antibiotiki. Wengine walipona, wengi wakafa. Waliobaki akaendelea kuwapa dawa kwa woga tu, hata walipokuwa wazima.

Mama mmoja muuza chakula, mteja wao wa zamani, akaja kuchukua kuku.

"Hawa nao wanakunywa dawa?"

Fundi akainamisha kichwa. "Wanakunywa."

"Basi samahani, baba. Mimi nilikuwa nawafuata wale wa marehemu."

Ndipo fundi akaenda kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu.

"Shemeji, dada yako hakukuachia hata kikombe cha yale maziwa?"

"Mimi sifugi, shemeji. Alisema atakufundisha wewe."

"Aliniita, ni kweli."

"Najua. Alikuwa akinisimulia huku anacheka. Mara ya mwisho hakucheka."

Fundi akaaga, chai aliyokaribishwa akaiacha mezani.

Alijaribu mwenyewe, maziwa yakaoza. Mwishowe bwana mifugo akamwelekeza hatua kwa hatua, kazi ya asubuhi moja tu. Asubuhi moja! Fundi aliwaza ni asubuhi ngapi alizokuwa nazo, zote zimekwenda.

Vifaranga waliofuata wakakua vizuri bila antibiotiki, na yule mama akarudi. Akawatazama kuku, akafurahi.

"Nani amekufundisha?"

"Bwana mifugo," alijibu fundi, akageuka upesi kutafuta kamba ya kuwafungia. Angetoa chochote ili aweze kusema: mke wangu.