Michezo Iliyofungiwa Stoo

Kituo cha kulea watoto cha pale sokoni kilikuwa chumba kimoja kipana, chenye stoo ndogo kwa ndani na jiko kwa nje. Akina mama wauza nguo na mboga walikuwa wakiwaacha watoto wao pale asubuhi, wakaenda kutafuta riziki roho zimetulia. Mlezi mkuu alikuwa mama mmoja ambaye soko zima lilimwita Shangazi. Aliyepika uji alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, na wawili hao wakianza kutaniana, hata uji ulisahau kuchemka.

Sasa mwaka huo halmashauri iliamua kuweka malezi ya watoto wadogo kwenye bajeti yake. Kituo kitakachopita, walezi watalipwa na uji utanunuliwa. Kitakachoshindwa, chumba kitarudi kuwa ghala la viti vibovu vya halmashauri, kama kilivyokuwa zamani. Afisa angekuja Alhamisi kuangalia.

Basi Shangazi akafanya lile analofanya kila mtu aliyewahi kukaa darasani na kuambiwa mgeni wa serikali yuko njiani. Alifagia, akapiga deki, akaficha kila kilichofanana na fujo. Makopo, vifuniko vya chupa, vipande vya mbao alivyoomba kwa seremala, beseni la mchanga, simu mbovu isiyo na chochote tumboni, watoto wa bandia wa matambara, vyote viliingia stoo. Akapiga kufuli. Ufunguo akampa wifi yake aufunge kwenye pindo la kitenge, maana alijijua mwenyewe: watoto wakimlilia kidogo tu, angefungua.

Kisha akawapanga watoto mkekani, mikono imekunjwa, midomo imefungwa.

"Wifi," mpishi akasema akichungulia, "hawa wamekuja kulelewa au kupigwa picha za pasipoti?"

"Koroga uji wako."

"Nakoroga. Ila yule wa pembeni anaogopa hata kupumua."

"Aogope leo tu. Kesho atapumua mpaka achoke."

Afisa akafika. Alikuwa mwanamke mtu mzima, viatu vya chini, mkoba begani. Shangazi alitegemea atasimama mlangoni, atikise kichwa, aandike, aende zake. Wapi! Alivua viatu akakaa mkekani katikati ya watoto.

Karibu naye alikuwepo mtoto mmoja aliyebandikwa jina la Mheshimiwa, kwa ajili ya kitambi chake na maneno yasiyokwisha. Siku hiyo Mheshimiwa alikuwa ameyabana maneno yote kinywani mpaka mashavu yamevimba.

"Wametulia kweli," afisa alisema.

"Ahsante sana, mama," akajibu Shangazi, akidhani amesifiwa.

"Wanacheza saa ngapi?"

"Kucheza? Hapana, mama! Kwetu hapa hakuna mchezo hata chembe. Ni masomo tu, asubuhi mpaka jioni."

Kule jikoni mwiko ukaanguka sakafuni.

Afisa akashusha kalamu taratibu. "Pole, Shangazi. Mtoto wa umri huu anajifunza kwa kushika, kumwaga, kujenga na kuuliza. Hela ya halmashauri inakwenda mahali wanapocheza. Kituo cha kukunja mikono kutwa, nimeambiwa nisikipitishe. Nawe umeniambia kwa mdomo wako."

Shangazi akaona kama vile viti vibovu vinaingia mlangoni, vinachechemea kimoja kimoja. Angeweza kunyamaza, mgeni akaondoka na heshima yake ikabaki. Akawatazama watoto.

"Mama, nimekudanganya," akasema. "Hapa wanacheza mpaka masikio yangu yanauma. Nimeficha vitu vyao. Nilidhani mnapenda kimya." Kisha akapaza sauti: "Wifi! Lete ufunguo!"

"Ufunguo wa nini?"

"Wa stoo!"

"Stoo ina nini, na hapa ni masomo tu? Au masomo yako yamefungiwa humo?"

"Wifi, nakuomba."

"Sisikii vizuri, uji unachemka. Nani ananiomba?"

"Mimi! Mimi niliyekupa kaka yangu ukaolewa!"

"Haa! Na hilo nalo unalisema mbele za watu? Mtu mwenyewe anakoroma kama mashine ya kusaga!" Lakini tayari alikuwa akija huku anafungua fundo, na afisa alikuwa ameziba mdomo kwa karatasi zake.

Kufuli likatoka, makopo yakaporomoka kwa kelele. Watoto hawakusogea. Walimtazama Shangazi kwanza. Ndipo akagundua kwamba hata yeye mwenyewe amekunja mikono. Akaikunjua.

"Haya, nendeni."

Walikwenda, tena kwa vishindo! Kufumba na kufumbua chumba kilikuwa soko la pili. Wawili walijenga daraja la mbao, likalala upande, wakagombana, kisha wakasukumia kifuniko cha chupa chini ya mguu mfupi, likasimama. Mheshimiwa alifungua duka la sukari kwenye beseni la mchanga.

"Mama, panga foleni," akamwambia afisa.

Afisa akapanga, nyuma ya msichana aliyebeba mtoto wa matambara mgongoni. Zamu yake ilipofika aliomba kikombe kimoja. Mheshimiwa akammiminia kiganjani, akatafakari, akarudisha kidogo.

"Hiyo ilizidi."

Afisa alikaa mpaka uji ukanywewa. Wakati wa kuaga akasema, "Nitaandika nilichokiona."

"Chote?"

"Chote. Na ile mikono iliyokunjwa."

"Ile si tungeisahau tu, mama yangu?"

"Nikiisahau, kesho kituo kingine nacho kitafungia michezo stoo."

Shangazi akakubali shingo upande.

Wiki iliyofuata afisa alipita mwenyewe na majibu. Kikao cha halmashauri kilikuwa kimebishana. Mmoja aliuliza kwa nini hela za umma ziende kwenye mchanga, mwingine akamjibu kwamba zamani zilikwenda kwenye viti na viti vyote vimevunjika. Mwishoni wakakubaliana: kituo kimepita, uji upo, na mlezi wa pili ataajiriwa. Ila wametoa sharti. Stoo ile isiwe na mlango.

"Huo mlango nipeni mimi," mpishi akadakia. "Nauweka jikoni, nimfungie huyu nje akija kuonja."

Shangazi alikuwa ameshapanda juu ya kigoda, bisibisi mkononi, anahangaika na bawaba ya kwanza huku machozi yanamtiririka, na Mheshimiwa kule chini akimweleza kwa subira kwamba anazungusha upande usiofaa.