Ombi la Tatu

Vidonge vilikuwa vinamfaa Albina, na hilo ndilo lililomkera Mzee Nikodemu.

Mwaka ule wa 2009 polisi wa Guangzhou walikagua pasipoti hadi kwenye ngazi za masoko, na viza ya Albina ilikuwa imekwisha tangu Agosti. Alilala stoo ya laoban mmoja, tajiri wa vitambaa pale soko la Zhongda, katikati ya majora, akisubiri kontena la jinzi zake lipakiwe bandari ya Huangpu ndipo arudi zake Bukoba. Hofu ilimkaba. Moyo ulimwenda mbio, usingizi ukamhama, akawa analia hata akikata kucha. Rafiki yake Kissa akampeleka kwa daktari, naye akampa vidonge vyeupe, kimoja kila asubuhi, akamwonya asiache ghafla. Alisema pia kuzungumza kungemsaidia, akimpata mtu aliyesomea kazi hiyo na anayejua kunyamaza.

Baada ya mwezi Albina alikuwa analala. Zilibaki wiki mbili tu kontena lipakiwe.

Sasa, Mzee Nikodemu, mlezi wa ushirika wa Jumapili wa Watanzania wa pale mjini, aliwahi kuhudhuria semina ya ushauri nasaha Morogoro, siku tatu pamoja na chai. Cheti alikitia nailoni akasafiri nacho mpaka China. Kwake yeye, vidonge ni kufunika donda bila kuliosha. Mwenye kuyamwaga ya moyoni hana haja ya dawa. Mficha uchi hazai, alimkumbusha Albina. Albina alimheshimu, maana alikuwa rika la baba yake. Akavitupa vidonge kwenye ndoo ya taka mbele ya macho yake, kisha akaongea alasiri nzima: viza, stoo, mlango wa nyuma, jina la tajiri. Mzee alisikiliza vizuri, tusimsingizie. Albina aliondoka anajiona mwepesi, maskini wa Mungu.

Jumapili mzee alisimama na karatasi yake ya maombi, kwa kuwa kwao siri isiyoombewa hadharani ni kama haijaombewa. La kwanza lilikuwa mvua nyumbani, la pili mgonjwa wa Moshi.

"La tatu," akasema, "tumwombee dada yetu Albina, anayelala stoo ya laoban Liang pale Zhongda, hana viza tangu Agosti. Bwana amfiche."

Watu arobaini waliitikia amina. Albina alikuwa safu ya nne, siku ya tano bila dawa, na hakuweza hata kuinuka.

Wenye upendo wakalipeleka ombi sokoni. Kufikia Jumanne wateja watatu walikuwa wamemuuliza Liang hali ya mgeni wake. Akaogopa yasije yakamkuta yeye, akawaita polisi mwenyewe, akawafungulia mlango wa nyuma.

Kizuizini hapakuwa na kidonge wala mshauri. Hofu ilirudi na ukoo wake mzima. Siku ya tisa aliruhusiwa kupiga simu moja, akampigia mzee, maana namba yake ndiyo pekee aliyoishika kichwani. Hakumlaumu.

"Mzee, nakuomba kitu kimoja tu," alisema. "Mama ana presha. Asijue."

Mzee Nikodemu alikuwa analia, na machozi yake yalikuwa ya kweli.

"Usijali, binti yangu. Mama yako tulimpigia jana. Kanisa lake lote linakuombea."