Anayeibuka Kwanza

Siku iliyomharibikia diwani Damiano ilikuwa Ijumaa, tarehe nane Agosti 2008, sikukuu ya Nane Nane, alipokuja Ziwa Rukwa kuzindua utalii wa kuzamia.

Utalii wa kuzamia, ndugu zangu, mahali ambapo maji yanamfika mbuzi shingoni. Lakini wakubwa wakishasema, nani wa kubisha? Diwani alivaa miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na mapezi ya mpira miguuni, vyote mitumba ya Tunduma, akaingia majini kama bata aliyekanyaga makaa. Ufukwe wote ukacheka.

Isaka hakucheka. Hakuwa amecheka tangu amzike mkewe Conjesta, aliyekata roho juu ya mkokoteni wa ng'ombe kwa kuwa gari la wagonjwa halikuwepo. Lilipelekwa Vwawa kutengenezwa breki, na huo ulikuwa mwaka wa tatu. Kila akiuliza, diwani humwambia mchakato unaendelea.

Akavua shati, akaingia.

"Damiano, unaukumbuka mchezo wetu wa utotoni?"

"Niite Mheshimiwa."

"Haya, Mheshimiwa. Tuzame. Anayeibuka kwanza anajibu swali la mwenzake."

Watu walishasikia. Na diwani alikulia kando ya ziwa hilohilo, angekataaje?

Wakazama. Chini ni tope tupu, perege wakimtekenya Isaka mbavuni. Pumzi ilipoanza kumwishia alipapasa mbele, mkono ukagusa mrija. Kumbe mwenzake katulia pale anavuta hewa ya juu kwa raha zake. Ndiyo zao hizo: sisi tunabana pumzi, wao wana mrija. Isaka akauziba kwa kidole gumba.

Diwani aliibuka kama kiboko, anakohoa, magugu kichwani. Isaka akafuata.

"Umeibuka kwanza. Gari la wagonjwa liko wapi?"

"Umeniziba. Hiyo ni faulo."

"Faulo ni huo mrija," alidakia Bibi Tabita, muuza samaki, kutoka ufukweni. "Jibu, baba."

Diwani akashusha miwani, akazama tena. Maji yenyewe mafupi: kichwa kilizama, makalio yakabaki juu, yakaondoka taratibu kama mtumbwi uliopinduka. Hapo Isaka akacheka. Alicheka mpaka akameza maji, akamwona kabisa Conjesta kajishika mbavu. Bibi Tabita akajifunga kanga, akaingia, na ufukwe mzima nyuma yake. Kila diwani alipoibuka kuvuta pumzi alikuta mtu mwingine kasimama mbele yake, maji kiunoni, machozi ya kicheko mashavuni.

"Mheshimiwa, gari liko wapi?"