Mgongo wa Paneli

Mke wa fundi alikuwa ameshazikwa na wageni wametawanyika, mama mkwe alipompigia simu. Friji yake ndogo ya umeme wa jua, anamowekea dawa zake za sukari, ilikuwa ikizima kila mchana. Dawa zile zikipata joto ni za kutupa, na yeye bila dawa hamalizi wiki salama.

Fundi akaenda. Tangu msiba, akiambiwa kula anakula, akiambiwa lala analala.

Shemeji yake, muuza nyama mwenye mdomo mrefu, alimshikia ngazi. "Jua lote hili na friji inazima. Paneli zako zimerithi uvivu wa ukoo wenu, shemeji."

Fundi alifika juu, akatazama. "Nani amezilaza?"

Paneli zilikuwa zimegandishwa kwa gundi juu ya bati, kama stempu kwenye bahasha.

"Mimi," shemeji akasema, sauti imeshuka. "Ulivyozisimamisha zilionekana mpaka barabarani. Mwizi hangoji kadi ya mwaliko."

"Paneli inataka mwanga, joto hailitaki. Mgongoni imeandikwa nyuzi arobaini na tano, ndilo joto lake ikiwa juani. Lakini walioipima waliiweka kwenye fremu wazi, hewa ya ubaridi, upepo unapita nyuma."

"Kumbe walimpima bwana harusi siku ya harusi."

"Ndiyo hivyo. Huku imelalia bati la moto, haipumui. Ikichemka, nguvu inapungua. Na betri yenyewe kongwe, haina akiba."

Wakaikata gundi kwa waya, wakazipandisha paneli kwenye miguu mifupi ya chuma: upepo upite, mwizi asione. Fundi alizikandamiza kwa kiganja, shemeji akikaza nati. Ya mwisho ilipokazwa, shemeji akashusha spana.

"Shemeji. Mkono wako."

Fundi akautazama. Kiganja kilikuwa chekundu, malengelenge yameanza kuinuka. Hakuwa amesikia maumivu.

Mchana ule friji ilinguruma mpaka jua likapinda. Mama mkwe alizigusa chupa za dawa moja moja, akashusha pumzi.

"Imepona, mama," fundi akasema. "Mimi naenda."

"Unaenda wapi?"

Fundi akaanza kukusanya vifaa vyake. Mama mkwe akavuta beseni la maji, akakizamisha kile kiganja, akakishikilia humo kama cha mtoto asiyetulia.

"Kaa hapa," akamwambia. "Utaniambia ikianza kuuma."