Kibao cha Chapati na Pete za Zohali

Mume wangu Kisilu ni fundi wa kuchomelea, na fundi wa kuchomelea ukimpa shida yoyote hukujibu kwa chuma. Mlango, chuma. Kitanda, chuma. Basi alipotaka kishikio cha kufunga simu juu ya darubini, alitoka karakanani na kipande cha chuma kizito kama jiwe la kusagia.

"Sasa hii haitatingika," akasema.

Darubini yenyewe aliinunua ya mtumba hapa Emali, bila ile lenzi ndogo ya kulengea. Tangu ifike tulikuwa tumeona mwezi na paa la jirani, basi. Ndipo akapata ramani ya nyota ya simu. Unaelekeza simu angani, inakuambia kilichoko mbele yako. Ukiifunga sambamba na bomba la darubini, unajua bomba linatazama wapi.

Siku nyingine ningemcheka hadi mbavu ziume. Lakini mama yake, Mama Ndunge, alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshazima, na daktari kule Kitui alimwambia la kulia nalo linafunga polepole, dawa inalichelewesha tu. Kesho yake angerudi kwake Zombe. Alikuwa ametuomba kitu kimoja.

"Nionyesheni hiyo nyota iko na pete. Mbuzi nimeona, mahindi nimeona. Nataka kuona kitu sijawahi ona."

Giza lilipoingia tulimketisha uani, leso mabegani. Mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kupanda upande wa milimani. Kisilu akakaza simu kwenye chuma chake. Ramani ikasema Zohali iko upande wa Nairobi. Akageuza bomba, akainama, akatafuta. Hakuna kitu. Akakaza tena, akatafuta tena, jasho likimtoka.

"Simu imeharibika," akanung'unika.

Nikakasirika. Niliipokonya ile simu kutoka kwenye chuma, na mkononi mwangu ramani ikazunguka yenyewe hadi mashariki. Nikairudisha kwenye chuma, ikakimbilia Nairobi. Nikaitoa, ikarudi mashariki.

"Kisilu, si unaona? Ni chuma chako kinavuta dira ya simu! Mwenye macho haambiwi tazama!"

Maneno yalipotoka nikatamani kuyameza. Mama Ndunge alikuwa ameketi palepale. Akacheka hadi leso ikamwanguka.

"Mwambie, mwanangu. Mimi ndiye nitaambiwa tazama."

Niliingia jikoni nikatoka na kibao changu cha kusukumia chapati, cha mti mzuri, alichonipa mama yangu nilipoolewa. Nikampa Kisilu pamoja na msumeno.

"Kata kabla sijabadilisha nia."

Akakata. Tukakifunga kipande kile juu ya bomba kwa mpira wa baiskeli, simu ikakaa juu ya mbao, mbali na chuma chochote. Ramani ikatulia mashariki. Tukaliinua bomba taratibu, tukatafuta kidogo huku na huku, kisha Kisilu akaacha kuligeuza. Akanivuta mkono.

Nikatazama. Ngai! Ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, ya manjano, na pete yake imeizunguka, inaelea gizani bila kushikwa na kitu chochote. Nimeimba kanisani tangu utotoni kwamba mbingu zinatangaza utukufu wa Mungu, lakini jioni ile ndipo magoti yangu yaliposadiki. Nililia, na sikuona haya.

Tukamsogeza Mama Ndunge, Kisilu akamshika mabega. Alitafuta kwanza, akipepesa jicho. Kisha akatulia.

"Asi!" akanong'ona. "Iko na pete kweli. Nani aliivalisha?"

Hata mawingu tuliyasahau. Alitazama kwa muda mrefu, mdomo wazi, kisha mwili wake ukakakamaa.

"Imeenda."

Nilidhani jicho limefunga palepale, mbele yetu.

"Mwaitu, mama yangu, si jicho lako," Kisilu akasema haraka. "Ni dunia inazunguka, ndiyo inaitoa kwa bomba. Ngoja niirudishe."

Mama Ndunge akaushika mkono wa mwanawe, akauondoa kwenye darubini. Tulipomtazama, jicho lake zuri alikuwa amelifumba mwenyewe, na uso wote unatabasamu.

"Wacha," akasema. "Nimefunga, na bado iko."