Mganda Kwenye Mashine ya Kahawa

"Mashine hii si mahari ya mama yako, Kunigunda! Tulinunua wote!"

"Na nani kakwambia si ya wote? Nimekukataza kumenya?"

"Hujanikataza, unanichelewesha! Kahawa yangu imekaa guniani tangu alasiri, inaanza kutoa povu kama pombe, na mimi nimekaa hapa namsubiri binti yako amalize kupiga ngoma kama mwanajeshi!"

Hapo nikaacha maandazi kwenye mafuta nikatoka nje. Maandazi yakiungua utakaanga mengine, lakini ugomvi wa Albina na Kunigunda ukikupita utakuja kusimuliwa na watu wasiojua kusimulia.

Nyumba zao zimepakana, yangu iko juu yao kidogo, na kwa jinsi kijiji chetu cha Kitura kilivyoinama, linalosemwa uani kwao linapanda lenyewe mpaka jikoni kwangu. Katikati ya nyua hizo mbili, pale pale mpakani, ndipo ilipo mashine ya kumenyea kahawa. Waliinunua kwa pamoja enzi ambazo ushirika bado una nguvu. Ina gurudumu kubwa la chuma, unalizungusha kwa mkono, kahawa mbivu inaingia juu, maganda mekundu yanatokea huku na punje zenye ulenda, ule ute wa kuteleza, zinateremka kule.

Sasa, kahawa iliyochumwa leo humenywa leo. Ikilala na maganda yake, imekwisha. Zamani haikuwa neno sana, ulipeleka ushirika, yako ikamwagwa na ya wenzako, nani ajue? Lakini tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kupandisha magari yao huku kwetu, mambo yamebadilika. Kijana anashuka na miwani ya jua, anatumbukiza pua yake kwenye gunia lako mbele za watu, kisha anakunja uso. Aibu hiyo usiombe ikukute.

Utaratibu wao ulikuwa mwepesi: Kunigunda anaanza, Albina anafuata. Mume wa Kunigunda, Othmar, bega lake lilivunjika alipoanguka kutoka kwenye lori la mahindi, hivyo gurudumu likawa la binti yao Jacqueline, wa darasa la sita. Akitoka shule anavua sare, anazungusha, giza likiingia Albina naye amekwisha maliza. Wakaishi hivyo kwa amani mpaka alipohamia Mwalimu Xavery.

Mwalimu Xavery ni mtu wa ziwani, Lipingo. Wenzake kengele ya mwisho ikilia wanafungua masomo ya ziada ya kulipia. Yeye akafungua klabu ya mganda. Ndiyo, mganda, ngoma ile ya kwao ya kwenda kwa mistari kama askari, nguo nyeupe, vibuyu vya kupuliza, na ngoma kubwa nyuma inayokugonga kifuani. Darasa la tano mpaka la saba, anayetaka aje, hakuna kulipa. Wazazi wakashangaa. Kisha wakashangaa zaidi walipoona watoro wa darasa la saba wanawahi shule, maana aliyekosa masomo asubuhi haruhusiwi kucheza jioni.

Na ngoma kubwa akapewa Jacqueline. Tukasema! Mganda ni wa wanaume, wanawake wana kioda chao, mtoto wa kike na ngoma ile wapi na wapi? Mwalimu akajibu tu, "Wavulana niliwajaribu wote, ngoma iliwakimbia. Huyu haimkimbii." Mimi nilisema kuliko wote, mpaka siku nilipopita uwanjani na beseni langu la maandazi nikamsikia akiipiga. Nilisimama hadi maandazi yakapoa.

Turudi mpakani.

"Binti yangu anapiga ngoma," Kunigunda alikuwa anasema, mikono kiunoni. "Na Frederick wako je? Si yuko huko huko anapuliza kibuyu?"

"Frederick ni mvulana. Tena hazungushi mashine ya mtu."

"Kweli kabisa, hazungushi hata ya mama yake!"

Nilicheka. Sikukusudia, ila ilitoka na wote wawili wakainua macho kwangu. Bahati yangu Jacqueline akatokea njiani mbio, fimbo za ngoma mkononi, jasho linamtiririka.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama Frederick."

Hakuna aliyeitikia. Kunigunda akanyoosha mkono. "Lete fimbo hizo. Kesho huendi klabu. Na Jumamosi Lipingo huendi. Mwalimu atatafuta mtoto ambaye kwao hakuna kahawa."

Jacqueline akazitoa. Akavua viatu, akashika gurudumu. Alizungusha bila kuinua kichwa, na hata Albina, aliyekuwa ameshinda ugomvi, hakuonekana kufurahi.

Niwaambie hiyo Jumamosi ilikuwa nini. Mwalimu alipanga na shule moja ya Lipingo kwamba watoto wetu washuke wakacheze nao mganda ufukweni. Lori limekwisha patikana. Watoto wa huku ziwa wanaliona kwa mbali tu, kutoka kileleni, utepe wa bluu chini ya mawingu. Jacqueline alikuwa hajawahi kutia mguu majini mle. Darasa zima lilikuwa halizungumzi kitu kingine.

Kesho yake Mwalimu alikuja kwangu kunywa chai, kama kila mtu anavyokuja, ila hakugusa andazi.

"Mama Dorothy, bila Jacqueline safari hakuna. Nimwambie nini mama yake?"

"Usimwambie kitu. Shida ya Kunigunda si ngoma, ni gurudumu."

Akanitazama.

"Mwalimu, una watoto wangapi kwenye klabu yako? Wote hawana mikono?"

Ndipo akala andazi. Akala na la pili.

Alhamisi ilikuwa zamu ya jumuiya kusali kwangu, na jumuiya ikisalia kwangu watu wanajaa hadi kwenye magogo ya nje, kwa sababu wanajua baada ya amina kuna chai. Kunigunda na Albina walitoka shambani, wakatua magunia yao kando ya mashine, wakanawa, wakapanda. Wakaketi mmoja huku na mwingine kule, hawatazamani. Tukaanza rozari.

Tulipofika katikati, ngoma ikalia huko chini.

Si kwa kelele. Dum, dum-dum, polepole, kisha vibuyu vikaitikia. Kunigunda akakatiza sala, midomo ikabaki wazi. Huku nyuma mtu akaanza kugonga goti. Nikatupa jicho, ni Albina, anasema salamu Maria macho yamefumba na kidole chake kinafuata ngoma. Nafikiri hatujawahi kumaliza rozari haraka kama siku ile. Chai haikunywewa, wote tuliteremka kwa Kunigunda, na Othmar tukamkuta kwenye kigoda chake anachekelea.

"Othmar, ni nini hiki?"

"Mwalimu aliniomba watumie ua wetu. Bega ndilo bovu, mke wangu, ruhusa ninayo."

Na jua bado lilikuwapo! Watoto wamejipanga mistari miwili, maganda mekundu yamewaganda hadi masikioni. Walikuwa wakipokezana madebe kwa mdundo, gurudumu wakilipokezana pia, anayechoka anatoka kwa mguu wa mganda na mwenzake anaingia. Kazi iliyokuwa ikiwafikisha usiku ilikuwa imekwisha.

"Yote imemenywa, mama," alisema Mwalimu Xavery, kifua mbele. "Ya kwako na ya mama Frederick."

Kunigunda akaanza kutabasamu. Tabasamu likaishia njiani. "Ya mama Frederick iko wapi?"

"Si hii hapa?"

Sinki lililotiwa kahawa lilikuwa moja tu, la Kunigunda. Limejaa hadi ukingoni.

Jamani! Kwa asiyejua nieleze: Kunigunda anachuma punje moja moja, nyekundu tu, utadhani anachagua shanga za bibi harusi. Albina anakamata tawi anavuta, nyekundu, kijani, majani, vyote twende. Kijiji kizima kinajua. Na kila mmoja ana sinki lake la kuvundikia kahawa hadi ulenda uachie, kwa sababu hiyo hiyo. Watoto walipokezana magunia kwa mdundo, hakuna aliyeuliza lipi la nani.

Mwalimu akajikuna. "Kwetu ziwani nyavu mbili zikinasana, samaki tunagawana kwa beseni."

"Mwalimu," Kunigunda akasema taratibu, "kahawa si dagaa."

"Mimi ndiye niliyemwaga, mama," Frederick akasema kutoka kwenye mstari, akimtazama mama yake.

"Na mimi nilikuwa naangalia ngoma," Jacqueline akasema. "Sikuangalia gunia."

"Hilo ndilo ninalolisema kila siku." Kunigunda hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Hii itakuwa tayari kuoshwa Jumamosi alfajiri. Wenzako watapanda lori. Wewe utaosha."

Albina ndiye niliyemtazama. Nilitegemea maneno, maana yeye hakosi. Akaokota magunia yake matupu akaondoka.

Ijumaa hakuna aliyemsemesha mwenzake. Kahawa ilivunda kwenye sinki lake chini ya majani ya migomba, Jacqueline alikwenda shule akarudi moja kwa moja nyumbani, na mimi nilikaa mlangoni hadi shingo ikauma, bila kuambulia kitu. Jioni ndipo Kunigunda akapanda kwangu.

"Nisaidie pasi yako ya mkaa."

"Ya nini?"

"Ya kupigia nguo."

"Nguo gani?"

"Mama Dorothy, unanipa pasi au hunipi?"

Nikampa. Hiyo pasi sikulala vizuri kwa ajili yake.

Jumamosi, kumepambazuka kidogo tu na ukungu bado umekaa kwenye migomba, nikasikia miguu mingi inateremka njiani. Ni watoto wa klabu. Nguo zao nyeupe wamezikunja kwenye mifuko ya plastiki, mbele yao ni Frederick.

"Shikamoo mama Jacqueline. Tumekuja kuosha. Lori halijafika."

Kunigunda akawatazama, akawatazama na miguu yao. "Nani kawatuma? Mwalimu?"

"Mwalimu hajui. Hata yeye bado amelala."

"Naweni miguu. Kwa sabuni, siyo kujimwagia maji kama kuku."

Wakaingia kwenye mfereji wa kuoshea, mistari miwili. Ukikanyaga kahawa yenye ulenda miguu inateleza, lazima uende na mwenzako au mtaanguka wote. Jacqueline alianza kugonga ubavu wa debe, hakuambiwa na mtu. Dum, dum-dum. Wakaenda mbele, wakageuka, wakarudi, maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele, wakayamwaga, wakatia mengine. Othmar akachota kwa mkono wake mzima. Nami nikachota, si ningefanyaje, nilikuwa nimekwisha fika.

Maji yalipoanza kutakata, zile punje nyepesi zikaelea juu. Hizo ni za kahawa iliyochumwa haijaiva, zikiachwa zinashusha gunia zima. Hapo akatokea Albina na ungo. Hakusalimia. Akainama, akaanza kuziengua.

"Nyepesi zote hizi ni zangu," akasema bila kumtazama mtu. "Msinifiche. Najua."

Kunigunda akakaza mdomo. Akanyoosha kidole kwenye punje moja iliyokuwa inaelea peke yake upande wa pili. "Na ile?"

"Ile yako. Angalia inavyojidai."

Kunigunda alijaribu kukohoa lakini kicheko kilimshinda, akakaa kwenye ukingo wa mfereji, akacheka hadi akafuta macho kwa upande wa khanga. Albina naye. Watoto hawakujua tunacheka nini, wakacheka pia, mmoja akateleza akavuta mstari mzima majini.

Walipoinuka, Kunigunda alichota kiganja cha kahawa safi, akanusa muda mrefu. Jacqueline aliacha kugonga debe.

"Haikuharibika," akasema mama yake. "Imemenywa mapema, ndiyo maana. Tutaianika kichanja kimoja, ikikauka tugawane kwa debe." Akamgeukia Mwalimu Xavery, aliyekuwa ameteremka mbio, shati limefungwa vifungo vya kupishana. "Na wewe Mwalimu. Mpaka msimu uishe, huo mganda wenu upigwe hapa uani jua likiwapo. Leo kwangu na kwa Albina, kesho kwa mwingine mwenye mtoto kwenye klabu yako. Lakini kila gunia liwe na mtu wake, na mtu huyo asicheze."

"Ndiyo, mama."

Akaingia ndani. Akatoka na sketi nyeupe na blauzi nyeupe, zimepigwa pasi, mikunjo imesimama kama kisu. Pasi yangu ile! Na juu yake, fimbo za ngoma.

Jacqueline akanyoosha mikono.

"Usizishike na ulenda huo! Nenda kanawe. Unataka watu wa Lipingo waseme huku hatuna maji?"

Mtoto hakwenda kunawa, aliruka. Kule chini barabarani lori likapiga honi, na Mwalimu akaanza kuwahimiza watoto, lakini Kunigunda akamzuia kwa mkono. Kumbe nyuma ya nyumba kulikuwa na sufuria kubwa ya makande, ile ya misiba na harusi, imeiva tangu kabla sisi hatujaamka. Mtu hapiki sufuria ile kwa ajili ya watu watatu. Nilimtazama, akajifanya hanioni.

"Lori litasubiri. Hakuna mtoto anayeteremka mlima ule na tumbo tupu."

Watoto wakaingia na kelele zao. Albina alikuwa anakung'uta ungo wake, taratibu, kama mtu anayetafuta sababu. Kisha akautia kwapani na kuanza kuvuka kwenda kwake.

"Mama Frederick, unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nimeacha moto."

"Moto umeacha. Chungu je?"

Albina akasita. "Chungu bado."

"Basi tua ungo huo, ingia ndani ule. Na huyo Mama Dorothy mwite, ingawa hata usipomwita atakuja."