Sauti ya Kumlishia Kambare

Mama alipokuwa hai, kambare alikuwa mume mwenza. Ndivyo baba alivyomwita, nusu utani nusu wivu, kwani fundi umeme huyo mstaafu alikuwa amezoea kuwa dume pekee nyumbani, na sasa sebule ilikuwa imemezwa na tangi la kioo, refu kuliko kochi, lenye samaki mmoja tu. Zamani walikuwa saba. Hao sita msiulize walikwenda wapi. Yule ana mdomo wa kuingia ngumi ya mtu mzima.

Mama akafa mvua zilipoanza, na kambare, aliyezoea kuitwa na mama kila alipolishwa, akagoma kula. Wiki tatu alilala juu ya changarawe, sharubu zimelegea. Binti yao, nesi, alijisemea moyoni kwamba afadhali afe, maana baba asingetoka katika nyumba ile huku samaki yumo. Kwake alishamwandalia chumba chenye dirisha la kutazama bustani. Baba alikuwa amekonda hadi mkanda ukatobolewa matundu mawili mapya, na nesi hakuhitaji kipimo kujua kwamba mtu akiachwa hivi hamalizi mwaka.

"Nikiondoka huyu akafa, nani mwingine ataikumbuka sauti ya mama yako?" baba akauliza.

"Mimi naikumbuka."

"Wewe unaikumbuka. Yeye anaisubiri."

Nyumba ikawa ya kambare kweli: baba ana ndevu, mtoto ana ndevu, hakuna wa kumwamrisha mwenzake. Nesi akarudi zamu yake akiwa na hasira, na chini ya hasira, woga.

Siku chache baadaye baba akapiga simu, furaha tele. Kambare amekula! Siri ni bangili. "Haoni vizuri huyu, anasikia tu. Nimevaa bangili za mama yako, nikatia mkono majini, akainuka." Nesi akacheka kwa adabu. Wiki iliyofuata ikawa bangili pamoja na gauni, eti bila mikono ile mipana inayogusa maji samaki anasitasita. Wiki ya tatu baba hakueleza kitu, alicheka tu kwenye simu, na kicheko kilikuwa chembamba kidogo. Nesi akausingizia mtandao.

Kambare akanenepa, baba akazidi kukonda. Nesi akaona maji yamezidi unga. Akazungumza na mfugaji mmoja mwenye bwawa, wakakubaliana kwamba Jumamosi saa nane mchana aje na pipa amchukue samaki. Baba angelia siku mbili, kisha angehama. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Jumamosi hiyo alimwacha mfugaji akishusha pipa garini, akafungua mlango kwa ufunguo wake. Mapazia yalikuwa yamefungwa, jua likiwaka nje. Bomba la hewa lilikuwa likinguruma taratibu. Halafu akamsikia mama.

"Njoo, bwana mdogo. Njoo ule, usinitese."

Sauti ile ile, pamoja na kile kikohozi kidogo cha mwishoni. Mama huyo nesi ndiye aliyemfumba macho, kwa mkono wake mwenyewe.

Alipoingia sebuleni alimkuta baba amepiga magoti juu ya stuli, amevaa gauni la maua, mkono umezama majini hadi kwapani. Kambare alikuwa ameegemeza kichwa chake kipana kwenye kiganja, sharubu zikimpapasa polepole kwenye bangili. Bakuli la nyama lilikuwa kando, limejaa, juu pamekauka. Si samaki wala mtu aliyekuwa ameligusa.

"Baba, twende zetu. Basi sasa."

Baba hakugeuka.

"Baba!"

Aliyegeuka ni kambare. Akaja taratibu hadi kwenye kioo, akatulia mbele ya nesi na vijicho vyake vidogo. Nesi akamshika baba bega, akamtikisa. Bega lilitikisika kama nguo iliyoanikwa. Alimwita mara ya tatu, mara ya nne, huku machozi yakimtoka, na nje mfugaji akibisha hodi. Mwishowe, bila kupenda, akajaribu jina moja lililobaki.

"Mama?"

"Abee, mwanangu." Uso wa baba ukamgeukia, umejaa upole, ukitabasamu. "Pipa la nini tena hilo? Baba yako mbona ameshaondoka siku nyingi."